Mahali pa Ekstensheni katika Sanduku la Fundi

Mtu afunguaye sanduku la zana la fundi wa magari aghalabu hutazama soketi kwanza, kwa kuwa ndizo nyingi, ndizo zilizoandikwa namba, na ndizo ambazo kiwanda huzipanga kwa madaha ndani ya boksi la plastiki ili zimvutie mnunuzi. Ama vile vyuma vya kurefushia ambavyo gerejini huitwa ekstensheni, pamoja na jointi, adapta na racheti yenyewe, hivyo huachwa vilaliane chini ya droo, virefu juu ya vifupi, vizima kando ya vibovu. Kwa maoni yangu heshima hiyo imegawanywa visivyo. Soketi ya 14 ikipotea, fundi hujua papo hapo, kwani nati ya 14 haikubali nyingine, na kazi husimama hata ipatikane. Lakini ekstensheni ikipotea kazi haisimami, bali fundi huunga mbili fupi mahali pa moja ndefu, au huchukua ya mraba mdogo akaitilia adapta, akaendelea kana kwamba hapana upungufu wowote, na madhara ya kitendo hicho hudhihiri baadaye, katika bolti iliyokatikia ndani ya injini au plagi iliyovunjika kauri yake. Chombo ambacho badala yake hupatikana kwa urahisi ndicho kistahilicho kupangwa kwa uangalifu mkubwa zaidi.

Tuanze na mraba, maana huo ndio ukoo wa zana hizi zote. Kile kichwa cha pembe nne kinachotokeza kwenye racheti kwa kawaida huwa na upana wa robo inchi, thumni tatu za inchi, au nusu inchi, na katika kazi za malori na mitambo mikubwa huwa robo tatu au inchi nzima. Vipimo hivyo ni vya inchi hata pale ambapo soketi zake ni za milimita. Tofauti baina yake ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa macho, kwa sababu uwezo wa mraba kustahimili msokoto haukui sawa na upana wake, bali hukua kwa kuzidisha upana huo kwa nafsi yake mara tatu, hata mraba wa nusu inchi, ukiwa wa chuma kile kile, huvumilia mara 8 ya ule wa robo. Kwa hiyo mgawanyo wa kwanza wa droo na uwe kwa mraba, kila mraba na safu yake, na racheti yake ikiwa kichwani mwa safu. Wako mafundi wazipangao ekstensheni zote pamoja kwa urefu tu, kuanzia ile ya kadiri ya kidole hata ile ya kadiri ya mkono, na droo zao hupendeza kweli; walakini mkono uliolowa oili, chini ya gari, mahali pasipo mwanga, hautambui tofauti ya thumni moja, na huenda ukakipa chombo dhaifu kazi nzito.

Adapta ndiyo iletayo mashaka katika mpango huu, kwa kuwa ina koo mbili: upande mmoja una tundu la mraba mmoja, na upande wa pili una mraba wa kipimo kingine. Mimi huipa makao kwa kufuata tundu lake, yaani kando ya racheti itakayoivaa, kwa sababu fundi huitafuta akiwa ameshika mpini tayari. Zile za kupunguza kutoka mraba mkubwa kwenda mdogo ningependa zipakwe rangi nyekundu, maana mpini mrefu wa nusu inchi, ukipitishiwa katika mraba wa thumni tatu, huubebesha nguvu ambayo haukuumbiwa, na fundi hana budi kukumbushwa jambo hilo kabla hajavuta.

Ndani ya kila safu, fupi zitangulie na ndefu zifuate, zote zikilazwa zikielekea upande mmoja: tundu kuelekea mkononi, mraba kuelekea mbali, hata fundi akiiokota ekstensheni iwe tayari kuvikwa racheti pasipo kuigeuza. Hilo ni jambo dogo kulitamka; lakini katika injini moja ekstensheni huvikwa na kuvuliwa mara nyingi, na mkono unaojua upande wa chombo kabla ya kukigusa hauchoki upesi.

Ziko ekstensheni ambazo pembe za mraba wake zimechongwa mviringo kidogo ili soketi iweze kuinama kiasi cha nyuzi 15, nazo ni msaada mkubwa mahali ambapo bomba au waya umeziba njia iliyonyooka. Hizo zisichanganywe na zile za kawaida, kwani kwa mtazamo wa haraka zinafanana, ilhali mraba wake hushika soketi kwa eneo dogo, na bolti iliyokaza sana huula. Jointi nayo iwe mbali kidogo. Kadiri inavyokunjwa ndivyo mwendo wake unavyozidi kusitasita: mpini huzungushwa sawasawa, ilhali soketi huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko, na nguvu inayofika kwenye bolti hupanda na kushuka vivyo hivyo. Ekstensheni iliyonyooka haiharibu kipimo cha spana ya kupimia nguvu. Jointi iliyokunjwa hukiharibu, na bolti za kichwa cha injini hazina msamaha katika hilo.

Kuna kitu kimoja ambacho ningewaomba mafundi wakitazame kwa karibu, nacho ni kigololi kilichopachikwa ubavuni mwa mraba, kinachosukumwa na springi ndogo ili kishike soketi isianguke. Chukua injini ya Toyota ya 1NZ-FE, iliyomo katika Vitz, IST na Probox zilizojaa barabarani mwetu. Plagi zake zimezama ndani ya visima vyembamba, chini ya koili zilizofungwa kwa bolti za 10, na hutolewa kwa soketi ndefu ya 16 yenye mpira ndani wa kuishika plagi, ikiungwa na ekstensheni ya inchi 6 hivi. Kigololi kikiwa kimelegea, fundi huvuta, ekstensheni ikatoka peke yake, na soketi ikabaki chini kisimani imeing'ang'ania kauri. Sasa yampasa kuchokora kwa koleo jembamba, akiombea kauri isipasuke. Jaribio lake ni jepesi: ivike ekstensheni soketi nzito, iinamishe, uitikise. Isiyoweza kuishika haistahili nafasi katika safu, na wala isirudishwe droo ile ile kwa huruma, maana siku ya haraka itaokotwa yenyewe na kuachwa nzima.

Kuhusu madhara ya badala, historia ina mfano wa kutisha. Jioni ya tarehe 18 Septemba 1980, karibu na mji wa Damascus katika jimbo la Arkansas, askari wa Jeshi la Anga la Marekani walikuwa wakilihudumia kombora la Titan II ndani ya shimo lake. Kanuni iliyokuwa ngeni bado iliwataka watumie spana ya kupimia nguvu, lakini spana hiyo ilikuwa imebaki juu ndani ya gari, nao, wakiwa wameshavaa mavazi mazito ya kujikinga na sumu, wakaitumia racheti iliyokuwapo. Soketi yenye uzito wa ratili 8 hivi ikachomoka, ikaanguka kiasi cha futi 80, ikadunda, ikatoboa tangi la mafuta la kombora. Saa nane hivi baadaye, kabla ya alfajiri, kombora liliripuka. Askari mmoja alifariki na wengine 21 wakajeruhiwa. Watu wengi hukilaumu kiganja kilichoshika racheti. Mimi hufikiri zaidi juu ya mzigo walioteremka nao: lau ungekuwa na nafasi iliyokatwa kwa umbo la spana ile, pengo lake lingewapigia kelele wangali mlangoni.

Katika karakana za ndege jambo hilo limefanywa kuwa sharti. Droo hutiwa sponji ngumu ya tabaka mbili zenye rangi mbili, tabaka ya juu ikakatwa kwa umbo la kila chombo, hata chombo kikitolewa rangi ya chini huonekana toka mbali, na ndege hairuhusiwi kuruka mpaka kila pengo lijazwe. Fundi wa gereji anaweza kuiga hivyo kwa gharama ndogo. Asitumie sponji ya godoro, kwa kuwa hunywa oili, ikavimba na kumomonyoka. Atafute ile nzito isiyofyonza, au akate mifereji katika ubao mkavu wa mninga. Achore mzunguko wa kila ekstensheni kwa kalamu, akate, kisha aongeze vikato viwili vya nusu duara ubavuni ili vidole vipate pa kushikia, kwani chombo kilichozama barabara pasipo nafasi ya vidole hung'olewa kwa bisibisi, na mpango wote huharibika katika muda mfupi. Vibao vya sumaku huvisifu wengi. Mimi sivipendi kwa ekstensheni, kwa sababu chuma kikikaa juu ya sumaku hupata usumaku kidogo, kikavuta chembe za chuma na kuzipeleka pale hasa zisipotakiwa, ndani ya injini iliyo wazi.

Kwetu pwani lazima izingatiwe pia hewa ya chumvi. Kromu ya nje hung'aa miaka mingi, lakini ndani ya tundu la mraba ni nyembamba, na kutu huanzia hapo. Kitambaa chenye oili nyepesi kipitishwe humo kabla ya chombo kurudishwa mahali pake. Racheti ipakwe grisi kidogo mno, kwa kuwa grisi nzito huzuia ule ulimi mdogo kuingia katika meno, na racheti ya meno 72, inayosogea nyuzi 5 kwa kila jino, haina nafasi ya ulimi kuingia nusu. Nati zilizoganda zisilegezwe kwayo kamwe, bali kwa mpini mrefu usio na meno, ambao ndio utangulie katika safu ya nusu inchi, mbele hata ya racheti yenyewe.

Zile ekstensheni nyeusi za mashine ya upepo ziwe na droo yao peke yake, mbali na zenye kromu. Nyeusi zimetengenezwa kuvumilia kupigwapigwa. Zenye kromu ni ngumu zaidi kwa nje, na mashine hiyo huweza kuzipasua vipande vikarukia macho ya aliyeishika.