Mipira Mipana Juu ya Ringi za Kawaida: Yafaa au Haifai?

Kwa wanachama wote wenye gari za kuchukulia karafuu.

Wanachama kadhaa wamefika afisini kutuuliza habari ya mipira mipana. Wameona watu wakivua mipira iliyokuja na gari, wakatia mipana zaidi juu ya ringi zile zile, kisha wakasifu kwamba sasa gari inatulia na inabeba mzigo mkubwa kuliko mwanzo. Kwa kuwa gari hizi wakati wa msimu hupakia magunia, na mara nyingi juu ya magunia hukaa wachumaji, tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili vizuri, ili mtu asitoe fedha zake kununua khatari.

Kwanza tujue kuusoma mpira. Tuchukue mfano wa mpira ulioandikwa ubavuni 195/70R15C 104/102R. Hiyo 195 ni upana wake kwa milimita. Hiyo 70 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 70 ya upana ule. R ya katikati ni namna ulivyosukwa ndani, na 15 ni ukubwa wa ringi kwa inchi. Herufi C ni alama ya mpira wa gari ya mizigo, wenye ubavu uliotiwa nguvu. Nambari 104 maana yake mpira mmoja umeruhusiwa kubeba kilo 900. Na 102, yaani kilo 850, ni pale mipira inapofungwa miwili miwili upande mmoja. R ya mwisho ni mwendo wa kilomita 170 kwa saa, ambao hapa kwetu hauna pa kukimbilia.

Pili, ringi nayo ina maandishi yake. Ikiwa imeandikwa 6J × 15, upana wake wa ndani, kutoka mdomo mmoja hata wa pili, ni inchi 6. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hudhani kwamba maadamu mpira ni wa 15 na ringi ni ya 15, basi vimekwisha patana. Sivyo. Kila mpira una kiasi cha upana wa ringi unachokubali. Mpira wa 195/70 hukubali ringi ya inchi 5 mpaka 6 na nusu. Wa 215/65 hutaka inchi 6 mpaka 7 na nusu. Kwa hiyo mwenye ringi ya inchi 6 anaweza kuutia huo wa 215/65, lakini mwenye ringi ya inchi 5 na nusu hawezi, japokuwa fundi ataupachika na utaingia. Kuingia si kufaa.

Mpira mpana ukitiwa juu ya ringi nyembamba, mbavu zake hubanwa kwa ndani na uso wake hufura katikati. Basi huliwa katikati tu, na pembeni ukabaki mpya. Gari huyumba kwenye kona, na upepo ukipungua, ukingo wa mpira unaweza kuchomoka kwenye mdomo wa ringi. Mpira kuchomoka katika mteremko, na gari imeshiba magunia, si jambo la kuhadithia.

Tatu ni kimo. Mpira wa 195/70R15 una kimo cha milimita 654. Ukitia 225/70R15, kimo kinakuwa 696. Gari imeinuka milimita 21, na kipimo cha mwendo kinasema uongo: kikionyesha 60, wewe unakwenda karibu 64. Injini huvuta kwa taabu katika vilima na breki zina kazi zaidi. Lakini huo wa 215/65R15 una kimo cha milimita 660 na nusu, tofauti ya asilimia moja tu. Ndiyo maana upana ukiongezwa, asilimia ya ubavu hupunguzwa.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni mzigo. Upana si nguvu. Mipira mingi mipana inayouzwa kwa bei nafuu imetoka katika gari ndogo za abiria. Tuseme umepata 215/65R15 isiyokuwa na herufi C, na nambari yake ni 96. Nambari hiyo ni kilo 710. Mipira miwili ya nyuma itabeba kilo 1,420, na ile miembamba uliyoivua ilikuwa ikibeba 1,800. Umepoteza kilo 380. Ukihisabu gunia kwa kilo 50, ni gunia saba na nusu. Nawe unadhani umeongeza! Tena mpira wa namna hiyo haukuundwa kuchukua upepo mwingi kama ule wa C, ambao mara nyingi hufika 65 kwenye geji. Ukiujaza upepo wa kawaida na kuupakia mzigo wa C, hupata moto ndani kidogo kidogo mpaka ukapasuka.

Tano ni mvua. Mpira mpana hufaa kwenye mchanga, kwa sababu hutandaza uzito. Lakini juu ya lami yenye maji huelea mapema kuliko mwembamba, na kwenye tope la udongo mwekundu huteleza juu juu, pale ambapo mwembamba hukata mpaka ukakanyaga pagumu. Vuli hutukuta katikati ya kuchuma, na wanachama wa Pemba wanavijua vilima vya njia zao.

Basi mwenye nia ya kubadilisha, tunamnasihi afanye haya:

(a) Asome upana wa ringi kabla ya kununua, na amuulize muuzaji kiasi cha ringi kinachokubaliwa na mpira ule.

(b) Asikubali mpira wenye nambari ya mzigo ndogo kuliko ya ule wa zamani, wala usiokuwa na C ikiwa wa zamani ulikuwa nayo.

(c) Atazame tarehe ubavuni. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi hukauka hata kama uso wake ni mpya.

(d) Baada ya kufunga, azungushe sukani mpaka mwisho pande zote mbili, na gari ikiwa imepakiwa, aangalie kama mpira unagusa madigadi au springi. Wenye mipira miwili miwili nyuma waangalie isigusane.

(e) Mpira wa akiba uwe na kimo sawa na mingine.

Na ambaye gari yake ina mipira ya kiwandani iliyo mizima, asibabaishwe. Aiache, aupime upepo kila wiki, wala asizidishe mzigo. Wahenga wamesema rahisi huvunja upishi. Na hapa kinachovunjika si chungu, bali ni viungo vya watu.

Mwenye shaka juu ya mipira yake na aziandike nambari zake katika karatasi, aje nazo afisini, tuzisome pamoja.

Katibu