Slagi na Mtutu Wake: Kuchagua Risasi ya Kuwindia Kulungu Marekani

Kila Desemba, mashamba ya Iowa yaliyokwisha kuvunwa mahindi hujaa watu waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa kali. Ni msimu wa kuwinda kulungu kwa shotigani: awamu ya kwanza siku 5, ya pili siku 9. Ndugu zetu wengi waliohamia Des Moines, Cedar Rapids na Waterloo kutoka Kongo, Burundi na kwingineko hualikwa na wenzao wa kazini, na wanachouliza kwanza ni aina ya bunduki ya kununua. Bunduki yoyote iliyo nzima, ya geji 12 au 20, itatosha. Lenye uzito zaidi ni suala la risasi, na jibu lake limo ndani ya mtutu.

Shotigani iliundwa kwa ajili ya marisau, zile punje ndogo za risasi zinazotawanyika hewani. Hizo zafaa kwa ndege na sungura. Kulungu mwenye mkia mweupe ni mnyama mkubwa, na dume aliyekomaa aweza kuzidi kilo 90, kwa hiyo hupigwa kwa donge moja zito linalojaza mtutu mzima. Donge hilo ndilo slagi. Ya kawaida ya geji 12 ina uzito wa wakia moja, gramu 28 hivi, na hutoka mdomoni mwa bunduki kwa mwendo wa futi 1,600 kwa sekunde. Geji yenyewe ni hesabu ya zamani: ukigawa pauni moja ya madini ya risasi katika vidonge 12 vilivyo sawa, upana wa kidonge kimoja ndio upana wa mtutu wa geji 12, karibu milimita 18.5. Waliotoka Kongo wanaijua bunduki hiyohiyo kwa jina la kalibri 12.

Lakini kwa nini mtu awinde mnyama mkubwa kwa bunduki ya ndege wakati raifo zipo? Sababu ni sheria. Nchi ile ni tambarare, nyumba za wakulima zimetapakaa kila upande, na raifo hurusha risasi mbali mno. Kwa miongo mingi majimbo kama Iowa, Illinois, Indiana na Ohio yaliwakataza wawindaji wa kulungu kutumia raifo, yakawaachia hasa shotigani na bunduki za kushindilia baruti mdomoni. Iliaminika kwamba slagi ni nzito na butu, kwa hiyo huishiwa nguvu na kuanguka mapema.

Imani hiyo ina ukweli nusu tu. Mwaka 2007 ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya Bunge la Pennsylvania ilikokotoa safari za risasi za aina mbalimbali. Bunduki ikiinuliwa juu, risasi ya raifo huenda mbali zaidi, kama kila mtu alivyotazamia, ingawa hata slagi iliweza kufika karibu kilomita 3. Bunduki ikifyatuliwa sambamba na ardhi, mambo yaligeuka: slagi ilikwenda mbali kidogo kuliko risasi ya raifo, kwa kuwa haivunjiki ovyo inapogonga udongo, bali huruka na kuendelea na safari. Nalisisitiza hili kwa sababu watu huambiana kwamba slagi haina madhara ikikosa shabaha. Ina madhara makubwa. Ukikosa kulungu, risasi yako itatua mahali fulani, na huenda mahali hapo pana ng'ombe wa mtu au mtoto wa mtu. Usahihi wa slagi, kwa hiyo, ni suala la usalama kabla haujawa suala la nyama.

Siku hizi sheria zimelegea. Ohio tangu 2014 na Illinois tangu 2023 zinaruhusu baadhi ya raifo zinazotumia ganda lililonyooka, lisilobanwa shingoni. Hata hivyo shotigani ingali mikononi mwa wengi, na bei yake haimtishi mtu anayeanza maisha.

Hapo zamani wawindaji walitia ndani ya shotigani kidonge cha mviringo tu. Kililazimika kuwa chembamba kuliko mtutu ili kipite salama kwenye mbano wa mdomoni, kwa hiyo kilikuwa kikigongagonga kuta njiani na kutoka kikiwa hakina uelekeo. Mjerumani Wilhelm Brenneke alileta dawa ya kwanza mwaka 1898: donge gumu la risasi lililofungiwa kizibo chepesi nyuma yake, na kizibo hicho huruka nalo mpaka mwisho. Mwaka 1931 Mmarekani Karl Foster alipata njia nyingine. Alilifanya donge lake kuwa na shimo nyuma, hivyo uzito wote ukakaa mbele. Mwaka 1936 kampuni ya Winchester ikaanza kuuza slagi za aina hiyo. Akili ya wote wawili ni ileile ya mshale: chuma hutangulia, manyoya hufuata, na kitu kizima hunyooka chenyewe hewani bila kuhitaji kuzunguka.

Slagi za Foster na za Brenneke zote zina michirizi ubavuni, na michirizi hiyo imewapotosha wanunuzi wengi. Mtu huiona akadhani inaizungusha risasi. Mzunguko unaotokana nayo ni mdogo mno kuweza kuleta tofauti. Kazi yake kubwa ni kuiruhusu risasi ijibane inapopita kwenye mbano wa mtutu. Slagi hizi ni za mtutu laini, ule usio na michirizi ndani. Ukiziweka katika mtutu wenye michirizi, madini laini ya risasi hujikwangua na kuganda humo, na baada ya mipigo michache shabaha huanza kupotea.

Kizazi cha tatu ni slagi iliyovishwa koti la plastiki, inayoitwa saboti. Ndani ya koti hukaa risasi nyembamba yenye umbo la kupasua hewa. Hii imeundwa kwa ajili ya mtutu wenye michirizi: plastiki huikamata michirizi, risasi huzungushwa, halafu koti hudondoka hatua chache kutoka mdomoni na risasi huendelea peke yake. Nyingine hufikia mwendo wa futi 1,900 kwa sekunde au zaidi. Katika mtutu laini koti hilo halina cha kukamata. Risasi hutoka bila kuzunguka, huyumba, na huweza kupinduka hewani. Saboti ni ghali, huuzwa tano tano kwenye kijiboksi, na anayezifyatua kwenye mtutu laini anatupa pesa na kumwonea mnyama.

Basi kabla hujafika dukani, toa risasi zote, fungua bunduki, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba ni tupu, kisha tazama ndani ya mtutu. Ukiona kuta laini zinazong'aa, nunua Foster au Brenneke, na ufunge mbano ulio wazi au uliobana kidogo sana. Ukiona mistari inayojizungusha, nunua saboti.

Hapo umepata jamii ya risasi, bado hujapata risasi yenyewe. Mitutu miwili iliyotoka kiwanda kimoja inaweza kutofautiana katika kuipokea slagi ileile. Tofauti ndogo ya upana, au kasi ya michirizi kujizungusha (mara moja kila inchi 24 hadi 36, kutegemea bunduki), yatosha kubadili matokeo. Kwenye bunduki nyingi za kukokota, mtutu wenyewe hucheza kidogo pale unapoungana na mwili wa bunduki, na mchezo huo huonekana kwenye karatasi. Kwa hiyo siamini orodha za slagi bora, hata zikiandikwa na watu wazoefu. Wanasimulia habari za mitutu yao.

Dawa ni kujaribu. Chukua aina tatu au nne, keti mezani kwenye uwanja wa shabaha, laza bunduki juu ya mifuko ya mchanga, weka karatasi kwenye yadi 50 na upige risasi tatu za kila aina. Acha mtutu upoe kati ya mpigo na mpigo, maana kulungu utampiga mtutu ukiwa baridi. Safisha kabla ya kubadili aina, hasa ukitumia saboti, kwa sababu plastiki huacha ukoko. Bega litauma, na bega linalouma humfanya mtu afumbe macho na kuvuta kifyatulio kwa pupa. Ukichoka, rudi siku nyingine.

Matundu yakusomeshe. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu ni duara la inchi 8 hivi. Kama matundu yako kwenye yadi 50 yameachana kwa inchi 6, kwenye yadi 100 yataachana kwa inchi 12 au zaidi, na baadhi ya risasi zako zitaingia tumboni au mguuni. Mtutu laini wenye kitufe tu cha kulengea ni wa yadi 50, pengine 75 kwa mkono uliotulia. Mtutu wenye michirizi, darubini na saboti iliyochaguliwa vizuri waweza kufika yadi 150. Lakini slagi zote hushuka upesi: Foster iliyolengeshwa yadi 50 itakuwa imeshuka inchi 4 au 5 ikifika yadi 100, na upepo wa shamba lililo wazi utaisogeza pembeni.

Kuna la nyama pia. Risasi ya raifo yenye mwendo mkali hutawanya vipande vidogo vya madini ya risasi mbali na jeraha. Slagi huacha vichache zaidi, lakini huacha. Kata nyama kwa ukarimu kuzunguka njia ya risasi na uitupe, hasa kama wapo watoto au mama mjamzito nyumbani. Saboti za shaba tupu zinapatikana, na mimi ningezichagua kama mtutu wangu unaziafiki.

Kuhusu sheria, usitegemee maneno ya rafiki. Iowa humtaka kila aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 awe amehitimu kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya kununua leseni. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa na sheria ya nchi kumiliki bunduki. Aliyeingia kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila awe na kibali kinachotambulika, kama leseni halali ya kuwinda. Kosa katika jambo hili laweza kumgharimu mtu makazi yake, kwa hiyo muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaigusa bunduki ya mwenzako.

Na ndugu msomaji, usingoje wiki ya mwisho ya Novemba. Nenda uwanjani mwezi wa Oktoba, na usiingie shambani mpaka bunduki yako imekuonyesha kwenye karatasi ni slagi ipi inayoelewana nayo.