AJALI HAINA KINGA, LAKINI KUANGUKA KUNA KINGA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu wasomaji, uko msemo mmoja uliozoeleka mno vinywani mwetu, nao ni huu: ajali haina kinga. Mkwezi akianguka mnazini, tutausema. Fundi akiporomoka na jukwaa lake, tutausema. Mchumaji wa karafuu akivunjikiwa na tawi, Pemba au Unguja, tutausema vile vile. Kisha kila mtu atarejea kwake, na kesho yake mwingine atapandishwa pale pale, kwa ngazi ile ile. Kwa hiyo tumeona yatupasa mwezi huu tuutazame msemo huu kwa makini, kwani tumeubebesha mzigo usiokuwa wake.

MAANA YA AJALI

Neno hili asili yake ni Kiarabu, nalo ni ajal, yaani muda uliowekwa. Katika Kiswahili cha wazee wetu, ajali ya mtu ilikuwa ni ile siku yake aliyoandikiwa. Kwa maana hiyo msemo ni wa kweli, wala hapana Muislamu atakayeupinga: siku ikitimia, hapana ngome wala tabibu wa kuizuia. Lakini leo twasema ajali kwa kila msiba wa ghafla: gari kupinduka, nyumba kuungua, mtu kuanguka. Maana imehama, msemo umebaki. Na hukumu iliyokuwa ya mauti tumeivika ngazi mbovu. Ngazi mbovu ina fundi wa kuitengeneza, na kamba iliyochakaa ina duka la kununulia nyingine.

Dini yetu haikutufundisha uzembe kwa jina la tawakkul. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alimwelekeza mtu amfunge kwanza ngamia wake, kisha ndipo amtegemee Mola wake. Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, aligeuka akarudi, na alipoulizwa na Abu Ubayda (R.A.) kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alimfahamisha kuwa ametoka katika kadari moja akaenda katika kadari nyingine ya Mola huyo huyo. Basi kujikinga nako ni katika kadari.

Na iko hadithi iliyo karibu zaidi na jambo letu. Abu Dawud amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alimwonya mtu anayelala juu ya sakafu ya dari isiyo na ukingo, akabainisha kuwa mtu huyo ameondokewa na dhamana. Zingatieni, ndugu zetu: huyo amelala tu. Itakuwaje kwa aliyesimama ukingoni, jua likimchoma, nyundo mkononi?

MAZOEA SI MAFUNZO

Mtu akianguka kutoka kimo cha mita 5, hufika chini kwa muda wa sekunde moja hivi, naye huigonga ardhi kwa mwendo wa kilometa kama 35 kwa saa. Katika sekunde moja mkono hauwahi kushika kitu, wala kalima haitimii ulimini. Kwa hiyo mwenye kujivunia kuwa amepanda miaka ishirini asidhani kuwa amesalimika. Mazoea humfundisha mtu kupanda. Mafunzo humfundisha litakalokuwa mkono ukiteleza.

Mafunzo hayo huanza kwa swali: je, ni lazima kupanda? Kazi inayoweza kufanywa kutoka chini, kwa brashi yenye mpini mrefu au kwa kukiteremsha kitu kwa kamba, ifanywe chini.

Ikiwa ni lazima, itazamwe ngazi. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mbali na ukuta kwa mita 1, na kichwa chake kipite pale pa kushukia kwa kadiri ya mita 1. Mpandaji aielekee ngazi, na wakati wote viungo vyake vitatu viwe vimeishika. Vyombo vya kazi vivutwe kwa kamba baadaye, visibebwe mkononi. Na ngazi ya alumini isisogezwe karibu na nyaya za umeme.

Jukwaa la waashi liwe na mirunda imara, mbao zilizojaa pasipo mapengo, ubao wa kukingia usawa wa kiuno, na ubao mwingine miguuni ili nyundo isimwangukie aliye chini. Apandaye paa ajue kuwa bati la plastiki la kuingizia mwanga halimbebi mtu. Mkwezi aitazame kamba yake ya miguuni kila siku, wala asikwee shina lililolowa mvua. Mchumaji naye akumbuke kuwa tawi la mkarafuu huvunjika upesi.

Kisha uko mkanda wa usalama, na hapa ndipo wengi hughurika. Mkanda unaotakiwa ni ule wa kuvaliwa mwili mzima, mabegani na mapajani. Wa kiunoni peke yake huweza kumvunja mtu mgongo pale unapomdaka. Nao hufungwa mahali patakapouhimili mshtuko, kama vile boriti madhubuti, si kwenye bomba la maji ya mvua. Tena kamba ya mita 2 yenye kipunguza mshtuko huhitaji nafasi tupu ya kadiri ya mita 6 chini ya ilipofungwa. Pasipokuwa na nafasi hiyo, mtu hufika chini kabla hajadakwa. Ndiyo maana twasema kuwa kununua mkanda bila ya kufundisha ni nusu ya kazi.

Mwisho wa mafunzo ni uokozi. Aliyeanguka akabaki kuning'inia katika mkanda huweza kuzimia na kufa pasipo jeraha, asipoteremshwa upesi. Basi mtu asipande akiwa peke yake. Na aliyefika chini asinyanyuliwe mikono na miguu kwa pupa, kama tulivyozoea, kwani uti wa mgongo uliopata ufa huweza kukatika kwa huruma yetu. Kichwa na shingo vishikwe vitulie mpaka wenye ujuzi wafike.

DHAMANA NI YA NANI?

Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwakalifisha watumishi wetu kazi ipitayo nguvu zao, na akatuamuru tuwasaidie pale tunapowapa iliyo nzito. Sheria za nchi nazo zimemwekea mwajiri wajibu huu: Tanzania Bara kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, Zanzibar kwa sheria yake ya mwaka 2005, na Kenya kwa ile ya mwaka 2007. Uko pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwa walioajiriwa Tanzania Bara.

Lakini wengi wanaopanda hawana barua ya ajira. Mkwezi hulipwa kwa mnazi, kibarua hulipwa kwa siku, na kijana wa madrasa hulipwa kwa dua. Hapa ndipo tunapowaelekea wazee wetu wa kamati za misikiti. Kila ikikaribia Ramadhani au Maulidi, huitwa kijana mwepesi, akaambiwa apande mnarani akatengeneze kipaza sauti, au atundike taa. Naye hupanda kwa furaha, akitaraji thawabu. Akianguka, huchangiwa Ijumaa ya kwanza na ya pili; ya tatu amesahauliwa, naye yuko kitandani, na mama yake ndiye anayemgeuza ubavu. Mchango ule ungalitangulia, ungalinunua mkanda na kumlipa mwalimu wa kufundisha kuuvaa.

Basi twaziomba kamati zote mambo matatu. Asipande mtoto yeyote kwa kazi ya msikiti. Asipande mtu mzima asiyefundishwa. Na mwenye ujuzi apewe vyombo, na mwenzake awe chini akimwangalia. Nanyi vijana, mkiambiwa mpande pasipo salama, semeni hapana kwa adabu. Huko si woga, wala si upungufu wa imani. Roho ni amana, na mwenye amana ataulizwa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wote wanaotafuta riziki ya halali juu ya miti, mapaa na majukwaa, awape shifaa waliovunjika, awarehemu waliokufa, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaofunga ngamia kisha wakategemea. Amin.