Lunete zinaharibu macho? Maswali ambayo watu wanauliza mara mingi

Mutoto anakaa nyuma mu darasa. Mwalimu anaandika ku tablo, yeye anakopia mu kaye ya mwenzake. Mwisho wa mwaka pointi ni kidogo, na nyumbani wanamuita muvivu. Kumbe hajaona tablo vizuri hata siku moja. Na halalamike, sababu anazani kila mutu anaona vile.

Wazazi wengi wanajua hayo, lakini wanaogopa kupeleka mutoto kupimisha macho. Haya ndiyo maswali yanayowazuia.

Je, lunete zinaharibu macho?

Hapana. Lunete zinasaidia mwangaza kuanguka pale unapaswa kuanguka, ndani nyuma ya jicho. Mutu akizivua, anasikia kama macho yamezidi kuharibika. Macho ni yale yale. Ni yeye sasa amejua kuona vizuri ni nini.

Kwa mutoto, hatari ni kuchelewa. Ubongo unajifunza kuona mu miaka ya kwanza, mpaka karibu miaka 7 ao 8. Kama jicho moja ni zaifu, ubongo unaliacha na kutumia lingine. Mutoto akikomaa vile, lunete peke yake zinaweza zisitoshe tena.

Juu ya nini mutu wa miaka 40 anasukuma kitabu mbali?

Ndani ya jicho kuko lenzi ambayo inajikunja ili mutu aone karibu. Kuanzia karibu miaka 40 inakuwa ngumu. Ndiyo maana fundi wa nguo anashindwa kuingiza uzi mu shindano. Si ugonjwa, inafikia watu wote. Lunete za kusoma zinazouzwa ku soko haziharibu jicho, lakini pande zote mbili ziko na nguvu sawa, na macho ya mutu pengine hayalingane. Tena anayeziuza haangalie kama kuko ugonjwa mwingine umejificha.

Munganga anapima nini?

Unasoma herufi ku umbali wa metre 5 ao 6, jicho moja moja. Asiyejua kusoma anaonyesha upande alama imegeukia. Kisha munganga anaangalia ndani na taa, na anapima presio ya jicho. Akitia dawa ya kufungua mboni, utaona ukungu kwa masaa kadhaa: usiendeshe moto siku hiyo. Ku karatasi atakayokupa, OD ni jicho la kuume, OG ni la kushoto. Alama ya kutoa (−) ni ya mutu asiyeona mbali. Alama ya kujumlisha (+) mara mingi ni ya mutu anayesumbuka kuona karibu.

Kama macho hayaumi, kwenda ni kwa nini?

Juu ya glokome. Ugonjwa huu unaharibu mushipa unaopeleka picha ku ubongo, mara mingi pamoja na presio kubwa ndani ya jicho. Mara mingi hauumi. Unakula pembeni kwanza, mutu anaendelea kusoma bila shida. Kile kimepotea hakirudi tena, lakini dawa ya matone ya kila siku inaweza kuzuia kilichobaki kisiende. Mwenye muzazi ao ndugu aliyepata glokome asingojee.

Mutoto wa jicho ni tofauti: lenzi inakuwa nyeupe, na operesheni inarudisha kuona. Wazee wengi wanatumia pesa ku lunete, kumbe walihitaji operesheni.

Na lantiye je?

Hizi ni lenzi ndogo za kubandika ku jicho. Hazipendi maji: si ya ziwa, si ya robine, si mate. Ndani ya maji kunaweza kuwa vijidudu vinavyotoboa jicho. Zinasafishwa na dawa yake tu, mikono ikiwa imenawiwa na kukaushwa, na usilale nazo. Ku kartye ambako watu wanachota maji ku ziwa Kivu na vumbi ya lava inaruka kila saa, lunete ni salama zaidi.

Jicho jekundu, ninunue matone ku farmasi?

Hapana. Matone mengine yako na deksametazone. Yanaondoa wekundu haraka, lakini ukiendelea nayo bila munganga yanaweza kuleta glokome na mutoto wa jicho. Maji ya majani na mukojo pia yanaingiza vijidudu. Jicho likiuma, likiogopa mwangaza ao likipunguza kuona, ukimbie hopitali siku ile ile.

Leo jioni, kabla giza haijaingia, funika jicho moja la mutoto na umuulize anaona nini kule mbali. Kisha funika lingine. Kama majibu hayalingane, si uvivu. Anza na santre ya afya ya karibu. Kama haina munganga wa macho, itakuelekeza ku hopitali.