Mbolea Itokayo Hewani: Viumbe Wastawio Katika Maji Maskini

Mkulima wa Kigwa, mashariki ya mji wa Tabora, hulijua jambo hili bila kulisoma kitabuni: shamba lililopandwa karanga mwaka huu huzaa mahindi mema zaidi mwaka ujao. Bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya karanga huitwaa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kazi kama hiyo hufanyika majini katika miisho yote miwili ya njia ya kale ya misafara iliyopita Kigwa, yaani Bahari ya Hindi upande wa Bagamoyo na Ziwa Tanganyika upande wa Ujiji.

Maji ya samawati yaliyo maangavu hupendeza macho, lakini uangavu huo ni dalili ya umaskini. Mabaki ya viumbe huzama pamoja na nitrati na fosfati zake. Katika Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 hivi, maji ya juu yenye joto huelea juu ya maji baridi, wala hayachanganyiki nayo kwa urahisi.

Hata hivyo sayanobakteria, ambao zamani waliitwa mwani wa buluu-kijani, hustawi humo. Silaha yao ya kwanza ni udogo. Prochlorococcus wa baharini, aliyetangazwa mwaka 1988, hafikii upana wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Kadiri kiumbe kilivyo kidogo, ndivyo eneo la ngozi yake lilivyo kubwa likilinganishwa na ujazo wake, na ndivyo kinavyofyonza vyema kile kidogo kilichopo.

Silaha ya pili ni ile ya karanga. Naitrojeni ni asilimia 78 ya hewa, nayo huyeyuka majini. Trichodesmium huitumia hiyo. Katika pwani ya Tanzania huonekana hasa majira ya kaskazi, akielea kama unga wa mbao. Katika Ziwa Tanganyika yuko Anabaena. Kwa kuwa oksijeni huharibu kimeng'enya cha kazi hiyo, Anabaena hutenga chembe maalumu zenye kuta nene, zisizotoa oksijeni.

Lakini fosfati haitoki hewani. Pepo za kusini-mashariki, zivumazo Mei hadi Septemba, ndizo huiinua kutoka kilindini. Zikitulia, Anabaena huchanua mnamo Oktoba na Novemba. Ziwa likizidi joto, maji huchanganyika kwa shida zaidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa mimea midogo ya ziwa hilo ulikwisha kupungua kwa asilimia 20 hivi. Dagaa wa Kigoma, kitoweo cha Tabora na kwingineko, hutegemea uzalishaji huo.

Mwalimu aweza kuanzia somo hili shambani. Na ang'olewe mkaranga, kisha kinundu kipasuliwe kwa wembe. Kikiwa chekundu ndani, kazi inaendelea. Kikiwa cha kijani au kijivu, kazi imekoma.