Bastola ya Kikauboi kwa Bei Nafuu: Kweli au Si Kweli?

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamjua stelingi wa filamu za kauboi. Anachomoa bastola kiunoni, anaipiga nyundo kwa kiganja, na adui sita wanaanguka. Leo wengi wetu tunaishi Texas, Ohio au Minnesota. Mwenzako wa kazini anakualika uwanja wa shabaha Jumamosi, unaangusha mikebe miwili mitatu, na ukirudi nyumbani unataka bastola yako, ya mtindo ule ule wa kale. Hapo ndipo washauri wanapojaa. Nimeyasikia mengi kwenye kaunta za maduka na kwenye sherehe zetu, na baadhi yake yanaweza kumuumiza mtu. Tuyachambue moja moja.

Dai la 1: Bastola ya kikauboi isipokuwa kaliba .45 si ya asili.

SI KWELI. Ni kweli mama yao wote ni Colt Single Action Army ya mwaka 1873, na jeshi la Marekani liliichukua ikiwa ya .45. Lakini risasi ndogo ya .22 LR nayo si ya juzi: imekuwapo tangu miaka ya 1880. Mwaka 1953, wakati Colt ilikuwa imesimamisha utengenezaji wa bastola yake hiyo, William Ruger alitoa Single-Six, yenye umbo lile lile lakini kwa .22, na watu wakaipenda.

Halafu kuna hesabu ya mfuko. Risasi moja ya .22 kwa kawaida hupatikana chini ya senti 15, ilhali ya .45 Colt mara nyingi hukaribia senti 75 au kuzipita. Ukipiga risasi mia kila Jumamosi, tofauti hiyo kwa miezi michache inatosha kununua bastola nyingine. Kulenga hujifunzwa kwa kurudia, na anayemudu kurudia ni yule ambaye risasi zake hazimfilisi.

Dai la 2: Ya bei rahisi itakupasukia mkononi.

SI KWELI, kama ni ya .22, ni nzima, na inalishwa risasi zake. Tunasema rahisi huvunja upishi, na mara nyingi ni sawa. Hapa unafuu una sababu yake. Ruger Wrangler ilipotoka mwaka 2019 ilitangazwa kwa dola 249, wakati Colt mpya ya mtindo huo hupita dola 1,500. Kiunzi chake ni cha aloi ya alumini badala ya chuma, na nguvu ndogo ya .22 haihitaji zaidi. Mtutu na silinda, sehemu zinazobeba mlipuko, ni za chuma. Heritage Rough Rider, inayotengenezwa Bainbridge, Georgia, mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini zaidi.

Unachokosa ni mng'aro wa chuma kilichosuguliwa na ulaini wa triga. Ukinunua iliyotumika, omba ruhusa, hakikisha haina risasi, kisha vuta nyundo polepole. Silinda izunguke na kujifunga "tak" kabla nyundo haijafika mwisho. Rudia kwa matundu yote sita. Tundu moja likishindwa kujifunga, irudishe kwenye kaunta.

Dai la 3: Silinda ina matundu sita, basi jaza sita.

INATEGEMEA, na hapa usibahatishe. Katika bastola za muundo wa zamani, nyundo ikiwa chini, pini yake hulalia kitako cha risasi. Bastola ikianguka, inaweza kufyatuka. Ndiyo maana wazee wa kazi walijaza tano: weka moja, ruka tundu moja, weka nne, vuta nyundo hadi mwisho, kisha ishushe taratibu, mtutu ukielekea kwenye shabaha. Nyundo inatua juu ya tundu tupu.

Tangu 1973, Ruger huweka ndani kipande cha chuma kinachosimama kati ya nyundo na pini pale tu unapovuta triga, na Wrangler inacho. Hiyo waweza kuijaza sita. Bastola nyingine, soma kitabu cha maelekezo. Kama kitabu hakipo na huna uhakika, jaza tano.

Dai la 4: Kuipakia kunachosha.

KWELI, na ndiyo faida yake kwa anayeanza. Unafungua kilango cha pembeni, unatumbukiza risasi moja, unazungusha silinda, unatumbukiza nyingine. Kila mlio unadai uvute nyundo kwa kidole gumba. Ukimaliza, unasukuma maganda nje moja moja kwa kijiti kilicho chini ya mtutu. Katikati ya hayo yote unapata muda wa kupumua, kutazama shabaha na kujiuliza kwa nini ile iliyotoka ilikwenda kushoto.

Ule mchezo wa stelingi wa kupiga nyundo kwa kiganja uache kwenye filamu. Unaharibu vyuma vya ndani, na risasi inakwenda inakotaka yenyewe.

Dai la 5: .22 ni mchezo wa watoto.

SI KWELI hata kidogo. Soma boksi la risasi hizo: mara nyingi limeandikwa onyo kwamba zina hatari hadi maili moja na nusu, yaani kilomita 2.4 hivi. Ikigonga jiwe au maji, huruka upande usioutarajia. Nyuma ya mikebe yako lazima kuwe na tuta la udongo, si vichaka na matumaini.

Mlio wake nao, ingawa ni mdogo kuliko wa .45, hupita desibeli 140 ukitoka kwenye bastola, na sauti ya ghafla ya kiwango hicho huweza kuua usikivu, nao haurudi. Vaa vizibo vya masikio na miwani. Ukivuta triga na risasi isilie, usigeuze bastola kuichungulia. Ielekeze kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, ndipo uitoe risasi hiyo. Na ukisikia "pu" hafifu badala ya mlio wa kawaida, acha kabisa: huenda risasi imekwama mtutuni, na ya pili inaweza kuupasua.

Dai la 6: Risasi zote za .22 ni ndugu, tumia yoyote.

SI KWELI. Baadhi ya bastola huja na silinda mbili, moja ya .22 LR na nyingine ya .22 Magnum, iliyoanza mwaka 1959. Ganda la Magnum ni nene zaidi. Ukiingiza .22 LR kwenye silinda yake, italegea, na ganda linaweza kupasuka na kurusha gesi ya moto. Weka kila silinda pamoja na boksi lake la risasi.

Dai la 7: Risasi humdhuru aliyepigwa tu.

SI KWELI. Lugha yetu yenyewe inatukumbusha: risasi ni jina la kinachotoka mtutuni, na pia ni jina la madini yenye sumu. Vumbi lake hubaki mikononi na kwenye nguo. Usile wala kuvuta sigara uwanjani. Nawa kwa sabuni na maji baridi, badili nguo na viatu kabla ya kumbeba mwanao. Mtoto mdogo ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu sumu hiyo hugusa ubongo unaokua.

Dai la 8: Naweza kumnunulia binamu yangu kwa pesa zake.

SI KWELI, na kwetu sisi tuliozoea kusaidiana hili ndilo la kuangalia zaidi. Dukani utajaza fomu ya shirikisho namba 4473, inayouliza kama wewe ndiye mnunuzi halisi. Mwaka 2014, katika kesi ya Abramski, Mahakama ya Juu ya Marekani ilithibitisha hatia ya mtu aliyemnunulia bastola ndugu wa mzazi wake kwa pesa za ndugu huyo, ingawa naye aliruhusiwa kisheria kumiliki silaha. Kwa mgeni, kosa kama hilo linaweza kumpotezea ukaazi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua kama hana kizuizi kingine. Aliye kwa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa katika hali maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Binamu aende mwenyewe.

Hukumu

Kwa anayetaka raha ya kuangusha mikebe na umbo la kale mkononi, .22 ya nyundo ya kuvuta inatosha, na iliyo na kile kipande cha usalama ndani ndiyo ya kuchagua kwanza. Pesa utakazookoa zipeleke kwa mwalimu, kwenye vizibo vya masikio na kwenye risasi za mazoezi. Na kama nyumbani kuna mtoto, sanduku la kufuli linunuliwe kabla ya bastola.