Mboga za Kipupwe: Bustani Inapopunguza Mwendo

Katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania, miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye baridi kali. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku usipokuwa na mawingu ardhi hupoteza joto lake haraka mpaka umande ukaganda juu ya majani. Hiyo ndiyo sakitu. Jani teke lililoganda hunyauka na kuwa jeusi jua linapolipata asubuhi.

Mboga ya kwanza kususa ni mchicha, mmea unaopenda joto la zaidi ya nyuzi 20. Chini ya hapo hudumaa. Jamii ya kabichi ina tabia nyingine. Sukuma wiki, chainizi na figiri huvumilia baridi, na sukuma wiki iliyopigwa na baridi huwa tamu zaidi, kwa kuwa mmea hukusanya sukari katika majani yake ili maji yaliyomo yasigande upesi. Spinachi, saladi na giligilani nazo hustawi. Wadudu pia hupungua kasi, faida ambayo wakulima wengi wa bustani huisahau.

Jambo linaloamua mavuno ni tarehe ya kusia. Mbegu zikisiwa kitaluni Aprili au mapema Mei, miche huwa imeshika mizizi kabla baridi haijakaza. Zikisiwa Juni, huchelewa hata kuota. Penye nafasi ndogo, gunia au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini na kujazwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza hutosha kwa miche michache. Gunia liwekwe kwenye ukuta unaotazama kaskazini, kwa sababu miezi hiyo jua huelemea upande huo, na ukuta wa matofali huhifadhi joto la mchana na kulitoa usiku. Jioni miche hufunikwa kwa nyasi au chandarua kikuukuu, na asubuhi hufunuliwa. Maji yamwagiliwe asubuhi, shinani: majani yanayolala yamelowa hukaribisha ubwiri.

Kwa kuwa bustani huenda polepole, choroko zilizooteshwa jikoni huziba pengo. Choroko safi za kula hulowekwa usiku kucha, huchujwa, kisha huwekwa ndani ya chupa ya mdomo mpana iliyofungwa kwa kitambaa chepesi na kuinamishwa ili maji yatoke. Husuuzwa mara mbili au tatu kwa siku. Karibu na jiko huwa tayari kwa siku tatu hadi tano. Kwenye chumba cha baridi hukawia zaidi. Punje kavu karibu haina vitamini C, lakini ikichipua huanza kuitengeneza. Uoteshaji si mgeni katika nyumba hizi: kimea cha ulezi, kikikaushwa na kusagwa, hulainisha uji mzito, kwa sababu vimeng'enya vyake huvunjavunja wanga.

Hatari zipo, na si ndogo. Unyevu na joto vinavyootesha punje hukuza pia bakteria. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mlipuko wa E. coli uliohusishwa na machipukizi ya uwatu uliua watu zaidi ya 50. Kwa hiyo kuchemsha au kukaanga mpaka yaive ni salama kuliko kula mabichi. Mbegu za kupandia zilizopakwa dawa, ambazo mara nyingi huwa na rangi, hazifai kabisa. Maharage mekundu yana sumu mpaka yachemshwe vizuri, na machipukizi mabichi ya mtama hutoa sianidi, hivyo yasigeuzwe mboga.

Choroko zilizochipua huiva kwa dakika chache tu zikikaangwa na kitunguu na nyanya. Zinazobaki hukaa siku mbili tatu kwenye friji. Zikianza kuteleza au kutoa harufu, hutupwa.